Haki ziandikwe, au muundo wa serikali unatosha? Njia tatu za Wamarekani wa kwanza na ipi ya kuchagua

Katiba inapoandikwa au kurekebishwa, popote pale, ubishi mmoja haukosekani. Wapo wanaotaka haki za mtu mmoja mmoja ziandikwe humo kifungu kwa kifungu, na wapo wanaoona kwamba ukiipanga vizuri mihimili ya dola, haki zitajilinda zenyewe. Wamarekani walibishana juu ya jambo hili kati ya 1787 na 1791, na hotuba, barua na kura zao zimehifadhiwa, kwa hiyo tunaweza kuona kila hoja ilisemwa na nani, kwa sababu gani, na baadaye ilizaa nini.

Nimezipanga njia zao tatu bega kwa bega kwa ajili ya mwalimu wa uraia anayeandaa somo, mwanafunzi aliyepangiwa upande kwenye mdahalo, na raia anayesoma rasimu ya katiba akitaka kujua adai nini. Njia ya kwanza ni muundo wa serikali peke yake. Ya pili ni tamko la haki la jimbo, kama yale ya Virginia na Massachusetts. Ya tatu ni marekebisho kumi ya mwaka 1791, ambayo dunia inayajua kama Hati ya Haki. Mimi nina upande, na sitauficha.

Walikuwa wanaogopa nini hasa

Watu wengi hujibu kwamba Wamarekani walipenda uhuru, basi. Ni kweli, lakini jibu hilo halitusaidii kuchagua. Waliodai haki ziandikwe walikuwa na orodha ya mambo waliyokwisha kutendewa, na mengi katika hayo yalitendwa kwa sheria, na maofisa wenye hati halali mkononi.

Chukua Boston. Maofisa wa forodha wa Uingereza walikuwa na hati za upekuzi zisizotaja nyumba ya nani wala bidhaa gani. Mwenye hati aliingia nyumba, duka au ghala lolote alilolishuku, akivunja mlango ikibidi, kutafuta magendo. Hati hizo zilidumu maisha yote ya mfalme na miezi 6 baada ya kifo chake. Mfalme George II alipofariki Oktoba 1760 ilibidi ziombwe upya, na wafanyabiashara wa Boston wakapata upenyo wa kuzipinga mahakamani Februari 1761. Wakili wao James Otis alizungumza kwa saa kadhaa. Kesi alishindwa. Lakini kijana mmoja mwanasheria aliyekuwa amekaa akisikiliza, John Adams, aliisimulia siku ile mpaka uzeeni kama siku uhuru wa Marekani ulipozaliwa.

Kisha yakaja mengine. Sheria ya stempu ya 1765 iliruhusu wanaokwepa kodi kushitakiwa katika mahakama za mambo ya bahari, ambako jaji aliamua peke yake bila juri, yaani bila wananchi wa kawaida wanaokaa kusikiliza ushahidi na kutoa hukumu ya kosa. Juri haikuwa jambo dogo kwao. Mwaka 1735 huko New York mchapaji John Peter Zenger alishitakiwa kwa kumkashifu gavana; majaji waliona kuwa ukweli wa alichochapa si utetezi, na juri ikamwachia huru hata hivyo. Mwaka 1768 wanajeshi wa Uingereza walishushwa Boston, wakakaa katikati ya watu wakati hakuna vita, na usiku wa tarehe 5 Machi 1770 risasi zao ziliua watu watano.

Ukisoma marekebisho ya 3, 4, 6 na 7 ukiwa na orodha hii mkononi, utaona kwamba kila moja lina kisa chake: askari kukaa nyumbani kwa mtu, upekuzi wa jumla, kesi ya jinai bila juri, kesi ya madai bila juri. Yaliandikwa na watu waliokumbuka.

Kulikuwa na hofu nyingine pia, na hii ndiyo ambayo vitabu vingi vya shule huipita haraka. Virginia ya wakati huo ilikuwa na Kanisa la Anglikana kama kanisa rasmi, na wahubiri wa Kibaptisti walifungwa kwa kuhubiri. Waliowafunga hawakuwa wanajeshi kutoka ng'ambo. Walikuwa mahakimu wa wilaya, majirani zao, watu wa Virginia kama wao. Januari 1774 James Madison, ambaye baadaye ndiye aliyewasilisha mapendekezo yaliyozaa Hati ya Haki, akiwa na umri wa miaka 22 alimwandikia rafiki yake kwa uchungu kwamba katika wilaya ya jirani watu watano au sita wasio na ubaya wamo gerezani kwa sababu ya maoni yao ya dini.

Basi zishike hofu hizi mbili tunapoendelea: hofu ya mtawala wa mbali, na hofu ya wengi walio karibu. Kila njia kati ya hizi tatu ina jibu zuri kwa mojawapo na jibu dhaifu kwa nyingine.

Njia ya kwanza: muundo peke yake

Tarehe 12 Septemba 1787 huko Philadelphia, wajumbe wa majimbo waliokutana kuandika katiba ya Marekani walikuwa kazini tangu mwisho wa Mei na walitamani kurudi makwao. George Mason wa Virginia akasema angependa katiba itanguliwe na tamko la haki, na kwamba kwa kutumia matamko ya majimbo lingeandikwa kwa saa chache tu. Elbridge Gerry akatoa hoja. Ikapigwa kura kwa majimbo: majimbo kumi yaliyopiga kura yote yalikataa. Siku tano baadaye katiba ilitiwa saini na wajumbe 39. Mason, Gerry na Edmund Randolph hawakutia saini, na pingamizi la Mason lilianza kwa kusema kwamba hakuna tamko la haki.

Waliokataa walikuwa na hoja nzito, na aliyepangiwa upande wao kwenye mdahalo asiifanye nyepesi. James Wilson, mjumbe wa Pennsylvania, aliieleza Philadelphia tarehe 6 Oktoba 1787. Katika jimbo, alisema, wananchi huipa serikali kila mamlaka isipokuwa yale waliyoyazuia, hivyo ni lazima wayataje wanayoyazuia. Serikali ya shirikisho ni kinyume chake: haina ila ilichopewa. Kongresi, yaani bunge la shirikisho, haikupewa mamlaka yoyote juu ya magazeti, sasa ya nini kuandika kwamba isiyaguse?

Alexander Hamilton alikwenda mbele zaidi mwaka 1788, katika makala ya 84 ya mfululizo wa kuitetea katiba. Kwake, orodha ya haki haikuwa tu ya ziada, ilikuwa hatari. Ukiandika kwamba serikali isifanye jambo ambalo hata haikupewa uwezo wa kulifanya, unampa mwenye tamaa ya madaraka kisingizio cha kudai kwamba uwezo huo alikuwa nao, umezuiwa sehemu tu. Wenzake waliongeza jingine: hakuna anayeweza kuorodhesha haki zote za binadamu, na utakayoisahau watasema umeiachia.

Kwa hiyo ulinzi ungetoka wapi? Kutoka kwenye mgawanyo wa madaraka: Kongresi yenye mabaraza mawili, rais mwenye kura ya kupinga muswada, majaji wasioondolewa kwa hasira ya mtu, na majimbo yenye nguvu zao. Madison wa Februari 1788 aliiamini njia hii kwa dhati. Nchi ikiwa kubwa, yenye madhehebu na maslahi mengi, ni vigumu kundi moja kupata wingi wa kuwakandamiza wengine. Hilo ni jibu zuri sana kwa hofu ya wengi walio karibu, kwa sababu linawapunguzia nguvu bila kutegemea wawe wema.

Udhaifu wake ulioneshwa mapema na mwandishi wa magazetini aliyejiita Brutus, tarehe 1 Novemba 1787. Kama haki hazihitaji kutajwa, aliuliza, mbona baadhi zimetajwa? Katiba ileile ya Philadelphia ilikwisha kuandika kwamba haki ya mahabusu kufikishwa mbele ya jaji haisitishwi ovyo, kwamba bunge halitamtia mtu hatiani kwa kutunga sheria, kwamba hakuna sheria ya kuadhibu kosa la nyuma, na kwamba kesi za jinai zitakuwa na juri. Ama orodha haina maana, na haya yasingeandikwa, ama ina maana, na iliyoandikwa ni fupi mno. Sijaona jibu la kuridhisha kutoka kwa wafuasi wa Wilson.

Na kulikuwa na kifungu kinachoipa Kongresi kutunga sheria zote za lazima na zinazofaa kutekeleza mamlaka yake, na kingine kinachoziweka sheria za shirikisho juu ya zile za majimbo. Roger Sherman alikuwa amesema Philadelphia kwamba matamko ya majimbo bado yapo, yanatosha. Yangetoshaje, ikiwa sheria ya shirikisho inayashinda? Madison mwenyewe, alipobadili msimamo, alitoa mfano unaoturudisha moja kwa moja Boston: Kongresi ina haki ya kukusanya kodi, na inaweza kuona kwamba hati za upekuzi za jumla zinafaa kwa kazi hiyo. Mtu hahitaji kuvunja katiba ili avunje mlango wako. Mmoja wa waandishi waliolipigia kelele pengo hili alikuwa Mercy Otis Warren, dada yake James Otis, katika kijitabu cha 1788 alichokitoa bila jina lake.

Lipo jambo jingine ambalo nataka lisipotee. Kunyamaza kuliwafaa baadhi ya watu kwa sababu isiyo ya kifalsafa hata kidogo. Januari 1788 Charles Cotesworth Pinckney aliliambia bunge la South Carolina kwamba matamko ya haki kwa kawaida huanza kwa kusema watu wote kwa asili huzaliwa huru, na kwamba kutamka hivyo kungewawia vibaya wao, maana sehemu kubwa ya mali yao ni watu waliozaliwa watumwa. Alisema wazi mbele ya wenzake. Yeyote anayeuchagua muundo peke yake lazima aikabili sentensi ile, kwa sababu inaonesha ni nani hufaidika pale katiba inapoacha kusema.

Njia ya pili: tamko la jimbo

Hapa tuna mifano miwili iliyofanana kwa maneno na kutofautiana kwa matokeo, na ndiyo maana nitakaa hapa zaidi.

Tamko la Virginia lilipitishwa tarehe 12 Juni 1776, kazi ya Mason kwa sehemu kubwa, likiwa na ibara 16. Lilianza kwa kusema watu wote kwa asili wako huru sawasawa na wana haki za kuzaliwa nazo. Likagusa juri, adhabu za kikatili, hati za upekuzi za jumla, uhuru wa magazeti na uhuru wa dini. Waliotaka haki ziandikwe walifikiri kama wanavyosema wahenga wetu, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na tamko lile lilikuwa daftari zuri.

Shida ni lugha yake. Liliandikwa kwa namna ya kuasa: dhamana kubwa mno isidaiwe, hati za jumla hazifai kutolewa. Bunge la jimbo lilipotaka kufanya vingine, tamko halikuwa na mkono wa kulizuia. Mwaka 1784 Patrick Henry, mtetezi yuleyule wa uhuru, aliunga mkono muswada wa kuwatoza watu kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, na ulikuwa karibu kupita. Haukuzuiwa na ibara ya dini. Ulizuiwa na waraka wa Madison wa 1785, malalamiko ya wananchi yaliyotiwa saini kwa maelfu, na Wabaptisti waliokumbuka gereza. Ndiyo maana Oktoba 1788 Madison alimwandikia Thomas Jefferson, rafiki yake aliyekuwa balozi wa Marekani huko Paris, kwamba vizuizi hivi vya karatasi vimevunjwa mara kwa mara na wengi wenye nguvu katika kila jimbo.

Tena ibara ya kwanza ya Virginia iliwekewa maneno ya kuibana. Baadhi ya wajumbe waliona mara moja kwamba "watu wote" ni pamoja na watumwa wao, basi ikaongezwa kwamba haki hizo ni za watu wanapoingia katika hali ya jamii. Mtumwa, kwa hesabu yao, hakuwa ameingia. Mason mwenyewe alikuwa na watumwa.

Sasa itazame Massachusetts. Katiba yake ya 1780, iliyoandikwa hasa na John Adams, ilianza tamko lake kwa kusema watu wote huzaliwa huru na sawa, bila kibano kile. Mwanamke mmoja mtumwa wa mji wa Sheffield, aliyeitwa Bett, alikwenda kwa mwanasheria Theodore Sedgwick akitaka maneno yale yamhusu na yeye. Mwaka 1781 huko Great Barrington juri ilimsikiliza yeye na mwenzake Brom, ikaamua wako huru, na kumwamuru aliyekuwa bwana wao alipe fidia ya shilingi 30. Bett alijipa jina jipya: Elizabeth Freeman. Mwaka 1783, katika kesi iliyomhusu Quock Walker, jaji mkuu William Cushing aliiambia juri kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo. Sensa ya 1790 haikuhesabu mtumwa hata mmoja Massachusetts. Virginia ilihesabu zaidi ya 290,000.

Uchumi ulichangia, sina ubishi. Massachusetts haikuishi kwa tumbaku. Lakini Virginia pia ilipata nafasi ya kuyapima maneno yake mahakamani. Katika kesi ya Hudgins na Wright, jaji George Wythe, mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru, alisema tamko la 1776 linafanya uhuru kuwa haki ya kuzaliwa ya kila mtu, na anayedai kummiliki mwenzake ndiye athibitishe. Mwaka 1806 mahakama ya rufaa iliwaacha huru Jackey Wright na watoto wake kwa kuwa uzao wao wa upande wa mama ulikuwa wa wenyeji wa Amerika, ila ikaikataa hoja ya Wythe kwa watu wenye asili ya Afrika.

Kwa hiyo faida kubwa ya njia ya pili ni ukaribu wake. Tamko la jimbo linaifunga serikali inayokugusa kila siku: hakimu wa wilaya, mkusanya kodi, mkuu wa gereza. Elizabeth Freeman hakusafiri kwenda mji mkuu wa taifa. Alikwenda mahakama ya mji wa jirani. Hasara yake ni kwamba linategemea jimbo ulilozaliwa, na wengi wa jimbo hilo wakikugeuka, huna pengine pa kukimbilia.

Njia ya tatu: marekebisho yenye mahakama nyuma yake

Kama kura zingekuwa rahisi, huenda Hati ya Haki isingeandikwa. Kilichoizaa ni ugumu wa kuyafanya majimbo yairidhie katiba. Massachusetts iliridhia tarehe 6 Februari 1788 kwa kura 187 dhidi ya 168, tena baada ya kukubaliwa kwamba mapendekezo ya marekebisho yaambatane na kura hiyo. Virginia 89 kwa 79. New York 30 kwa 27. North Carolina ilikataa kuridhia kabla ya haki kushughulikiwa. Waliopinga hawakuwa watu wachache wenye kelele. Ilikuwa karibu nusu ya nchi.

Na kulikuwa na wapiga kura wa jimbo moja la uchaguzi. Mwanzoni mwa 1789 Madison aligombea Baraza la Wawakilishi dhidi ya James Monroe, na Wabaptisti wa Virginia, walewale waliofungwa miaka ya nyuma, walitaka kujua kama dhamiri zao zitalindwa. Akaahidi hadharani kutetea marekebisho. Alishinda kwa kura 1,308 dhidi ya 972. Wapo wanaomdharau kwa hilo, wakisema alibadilika kwa ajili ya kura. Mimi namwona tofauti: mtu aliyekuwa na shaka ya kweli, akasikilizana na waliokuwa na sababu ya kuogopa, akatimiza alichoahidi ilhali wenzake bungeni walimwambia kuna kazi za maana zaidi.

Barua za Jefferson kutoka Paris zilimsaidia pia. Desemba 1787 alimwandikia kwamba hati ya haki ni kitu ambacho watu wanastahili dhidi ya kila serikali duniani. Machi 1789 akampa hoja iliyokosekana: hati ya haki huwapa majaji kizuizi cha kisheria mikononi mwao. Na kuhusu kwamba orodha haitakamilika, alimjibu kwamba nusu mkate ni bora kuliko kukosa mkate kabisa.

Tarehe 8 Juni 1789 Madison aliwasilisha mapendekezo yake. Ukiyalinganisha na tamko la Virginia utaona mambo matatu yamebadilika. Kwanza, lugha imeacha kuasa, imeanza kuamuru: haki haitakiukwa. Pili, aliwaeleza wenzake kwamba mahakama huru zitajiona kuwa walinzi wa haki hizi. Tatu, hoja ya Hamilton ilipata jibu lake ndani ya hati yenyewe, kwa kile kilichokuja kuwa rekebisho la 9: kutajwa kwa haki fulani kusichukuliwe kuwa ni kuzikana nyingine zilizobaki kwa wananchi. Kwangu mimi rekebisho hili ndilo linaloimaliza hoja ya hatari ya orodha. Ukiogopa kwamba utasahau kitu, andika kwamba kusahau si kukana.

Kulikuwa na la nne, na hili ndilo linaloniuma. Madison alipendekeza kwamba hakuna jimbo litakalovunja haki ya dhamiri, uhuru wa magazeti wala kesi kwa juri. Aliliona hilo kuwa la thamani kuliko yote. Baraza la Wawakilishi lililipitisha. Seneti ikaliondoa. Hofu ya kwanza, ya mtawala wa mbali, ilijibiwa. Hofu ya pili, ya wengi walio karibu, ikaachwa mlangoni. Tarehe 25 Septemba 1789 marekebisho 12 yalipelekwa majimboni, North Carolina ikaridhia katiba Novemba mwaka huohuo, na tarehe 15 Desemba 1791 kumi kati yake yakawa sheria.

Matokeo ya kile kilichoondolewa yalionekana. John Barron alikuwa na gati Baltimore. Kazi za mji zilihamisha vijito, mchanga ukajaa mbele ya gati lake, meli zikashindwa kufika. Alidai fidia kwa rekebisho la 5, linalotaka mwenye mali alipwe mali yake inapochukuliwa kwa matumizi ya umma, na mwaka 1833 Mahakama Kuu ya Marekani ikamjibu kwamba marekebisho yale yanaifunga serikali ya shirikisho tu. Ikabidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipite ndipo rekebisho la 14 la mwaka 1868 liyafunge majimbo, na mahakama zikachukua miongo mingi zaidi kulitumia kwa haki moja baada ya nyingine.

Hata serikali ya shirikisho haikutii mara moja. Mwaka 1798, miaka saba tu baadaye, Kongresi ilitunga sheria ya uchochezi, na mbunge wa Vermont, Matthew Lyon, akafungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 kwa kumwandika vibaya rais. Majaji hawakuifuta sheria ile. Wapiga kura wa Vermont walimchagua tena Lyon akiwa gerezani, na sheria ikaisha muda wake 1801.

Basi uchague ipi

Ukiziuliza njia hizi tatu nani anafungwa, jibu la kwanza ni serikali nzima lakini kwa ujumla mno. La pili ni serikali ya karibu. La tatu, kwa miaka 77 ya mwanzo, ni serikali ya mbali tu. Ukiuliza mtu aliyeonewa anakwenda wapi, njia ya kwanza inampeleka kwenye uchaguzi ujao, ambao kwa Mbaptisti mmoja aliye gerezani ni ahadi ya mbali sana. Ya pili inampeleka mahakamani ikiwa jimbo lake lina mahakama yenye moyo. Ya tatu inampa mahakama na maneno ya amri, ingawa Lyon ni ushahidi kwamba mahakama inaweza kuchelewa.

Kwetu ubishi huu si mgeni. Tanganyika ilipata uhuru 1961 ikiwa na katiba isiyo na hati ya haki ndani yake. Tanzania iliiingiza mwaka 1984, na kesi zikaanza kuisimamia 1988. Kenya ilianza na hati hiyo 1963 na kuiandika upya kwa upana katika sura ya nne ya katiba ya 2010. Sababu za viongozi wetu hazikuwa zile za Wilson, lakini msomaji wa Dodoma au Nakuru akisoma barua za Madison atazitambua hoja.

Mimi nachagua njia ya tatu, pamoja na kile kipande ambacho Seneti ilikikata. Haki ziandikwe kwa lugha ya amri, kuwe na mahakama inayolazimika kuzisikiliza, kuwe na kifungu kama rekebisho la 9, na zimfunge kila mwenye madaraka kuanzia rais mpaka ofisa wa kata. Muundo mzuri siutupi. Bila majaji walio huru, hati ni kisomo tu, na uhuru wa majaji ni jambo la muundo. Katika hilo Hamilton alikuwa sahihi.

Kama umepangiwa upande wa muundo kwenye mdahalo, usijikite kwenye hoja ya hatari ya orodha, kwa kuwa mpinzani mwenye kujua atakusomea rekebisho la 9. Shika kesi ya Lyon na vizuizi vya karatasi, umlazimishe aeleze hati ilimsaidia nini mtu yule. Ukiwa upande wa pili, anza na swali la Brutus.

Mwalimu aliye na vipindi viwili tu avitumie kwa Virginia na Massachusetts, ibara ya kwanza kwa ibara ya kwanza, kesi kwa kesi. Wanafunzi watafika wenyewe kwenye kilichofanya sentensi moja imtoe Elizabeth Freeman utumwani na nyingine, inayofanana nayo, iwaache wenzake wa Virginia walipo.

Na wewe unayesoma rasimu, uwe na kalamu. Kila kifungu cha haki kiwekee alama tatu pembeni: kinamtaja nani kuwa amefungwa, kinasema uende mahakama gani, na kimewekewa maneno gani ya kubana, mfano wa yale yaliyoongezwa Virginia mwaka 1776. Maneno ya namna hiyo huwa mafupi, na mara nyingi hukaa mwishoni mwa sentensi nzuri. Hapo ndipo pa kuombea marekebisho.